Umeme wa Gari na Boti Pwani ya Tanga: Kutafuta Hitilafu kwa Kufuata Dalili

Katika Jiji la Tanga fundi umeme wa magari haishii kwenye magari. Asubuhi ataletewa bajaji pale Ngamiani, mchana ataitwa Sahare au kwenye mwalo wa Deep Sea kuangalia boti ambayo injini yake imegoma kuwaka, na jioni atapokea gari lililotoka Pangani likiwa na taa moja. Ukiyasikiliza malalamiko hayo kwa miaka kadhaa utagundua kwamba ni machache na yanajirudia: stata inapiga mlio mmoja na kunyamaza, betri inakufa usiku, fyuzi inaungua kila inapobadilishwa, taa ni hafifu, pampu ya kutolea maji haifanyi kazi. Utagundua pia kwamba kifaa kinacholalamikiwa mara nyingi ni kizima. Kilichoharibika ni njia ya umeme inayokwenda kwenye kifaa hicho au, mara nyingi zaidi huku pwani, ile inayorudi kutoka kwake.

Sababu yake ni chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kiungo kilicholowa, ambacho Dodoma kingekauka kabla ya saa sita mchana, hapa hubaki na majimaji siku nzima, na shaba iliyo ndani yake hugeuka kijani, kisha nyeusi. Mwongozo huu unamhusu mwenye gari, dereva wa bajaji, nahodha wa boti ndogo na fundi anayeanza, na unashughulika na mifumo ya volti 12 tu.

Kabla ya kugusa waya

Multimita ya bei nafuu inatosha. Ongeza taa ya majaribio, yaani globu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, pamoja na waya mmoja wa mita 6 hivi wenye vibanio kila upande, brashi ya waya na msasa laini. Taa ya majaribio inafaa kwa taa, honi, pampu na feni; usiitumie kwenye nyaya zinazoingia kwenye kompyuta ya injini, kwa sababu inavuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoweza kuvumilia. Huko tumia multimita peke yake.

Unapofungua betri anza na hasi, na unapofunga malizia na hasi. Ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi utakuwa umepiga shoti kwa chuma ulichokishika mkononi. Vua pete na saa. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo usiinamie betri unapounganisha nyaya za kuazimia chaji. Kibano cha mwisho kabisa, yaani hasi ya gari lililokufa, kifungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja; ikiingia machoni, endelea kuosha na uende hospitali.

Katika boti ya petroli kuna sharti jingine ambalo halina msamaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, mahali hasa ambapo nyaya nyingi hupita. Fungua mifuniko yote, acha upepo upite kwa muda, kisha unuse. Ukisikia harufu ya mafuta, usiwashe swichi yoyote, usifungue wala kufunga betri, na usiguse waya hadi uvujaji wa mafuta upatikane na ngama ikaushwe.

Namna ya kuufuata umeme

Umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hupita fyuzi, swichi na pengine rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), huingia kwenye kifaa, kisha hurudi kwenye hasi. Katika gari njia ya kurudi ni bodi na injini, ndiyo tunayoiita ethi. Katika boti ya mbao au ya fibaglasi hakuna bodi ya chuma, kwa hiyo kila kifaa lazima kiwe na waya wake wa kurudi, na hitilafu ina mahali mara mbili pa kujificha.

Pima betri kwanza, hata kama una hakika kwamba ni nzima. Ikiwa imetulia kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa, volti 12.2 ni karibu nusu, na chini ya volti 12 ni betri iliyokwisha chaji. Injini ikiwaka, katika magari mengi utasoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Usiendelee na kipimo kingine chochote kwa betri iliyo dhaifu, maana kila utakachosoma baada ya hapo kitakudanganya.

Sasa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mafundi wengi hupima waya ukiwa umelala: huufungua ncha mbili, huweka multimita kwenye mlio, husikia mlio, na kusema waya ni mzima. Mlio huo unathibitisha tu kwamba kuna angalau uzi mmoja wa shaba uliofika upande wa pili. Stata ndogo inaweza kula ampea 150. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kitapoteza volti 1.5 kwa mkondo huo, na multimita ya kawaida haina uwezo wa kuona omu 0.01. Hata kipimo cha volti hudanganya kifaa kikiwa kimezimwa, kwa kuwa pasipo mkondo hakuna kinachopotea njiani, na waya uliobakiwa na nyuzi mbili utakuonyesha volti 12.6 kamili.

Kwa hiyo pima waya ukiwa kazini. Weka multimita kwenye volti za betri, yaani volti za mkondo mnyoofu. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, yaani ile risasi na si kibano kilichoikumbatia, na ncha nyingine iguse ganda au waya wa hasi wa kifaa. Mwambie mwenzako awashe kifaa. Namba utakayoisoma ni volti zilizopotea kwenye njia ya kurudi. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kuanzia kichwa cha chanya cha betri hadi waya unaoingia kwenye kifaa. Kwa taa, honi na pampu, volti 0.2 au 0.3 kwa kila upande zinavumilika. Kwa stata, ruhusu hadi 0.5 upande wa chanya na 0.3 upande wa hasi. Ukipata zaidi ya hapo, isogeze ncha moja hatua kwa hatua kuelekea nyingine: kutoka kichwa hadi kibano, kutoka kibano hadi mwisho wa waya, kutoka waya hadi boliti. Mahali namba inapoporomoka ghafla, hitilafu iko kwenye hatua uliyotoka kuivuka.

Rangi za nyaya zitakusaidia ikiwa hakuna aliyewahi kuzigusa. Katika magari mengi ya Toyota ethi ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Katika pikipiki za Honda ethi ni ya kijani, na katika za Yamaha ni nyeusi. Gari lililokwisha kupita mikono mitatu, au boti iliyofungwa nyaya zilizobaki kwenye ujenzi wa nyumba, haina rangi ya kuaminika. Huko multimita ndiyo shahidi.

Stata inapiga "tak" moja, au inazunguka kivivu

Sababu ya kwanza kwa wingi ni vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani, au vibano vilivyolegea. Jaribu kuzungusha kibano kwa mkono; kikizunguka, umekwisha kupata kosa moja. Fungua, osha kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, suuza, kausha, piga brashi hadi risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Grisi ipakwe baada ya kukaza, chuma kikiwa kimeshagusana na chuma.

Ya pili ni betri yenyewe. Iweke multimita kwenye vichwa vyake na upige stata. Ikiwa betri ilikuwa imejaa na sasa inaanguka chini ya volti 9.6, betri imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi kwa sababu imekwama. Ikibaki juu ya volti 11 huku stata ikikataa kuzunguka, betri haina kosa na mara nyingi umeme hauifikii stata.

Ya tatu ni waya mnene wa ethi kati ya betri, bodi na injini. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na bodi vizuri, na waya ule mfupi uliosahaulika chini ndio unaobeba mzigo wote. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha: chukua waya mmoja wa kuazimia chaji, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma safi cha injini, kisha piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umemaliza uchunguzi.

Niliitwa Sahare kwenye boti yenye injini ya nje ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuinunulia stata ya pili, akiwa ameuza sehemu ya nyavu zake kuipata. Betri ilisoma volti 12.7. Nilipopima upande wa hasi wakati stata ikipigwa, zilikuwa zinapotea zaidi ya volti 2. Kwa nje waya ulikuwa mzuri kabisa, mwekundu wa gamba na laini. Nilipouchana karibu na kibano, ndani mlikuwa na unga mweusi kwa urefu wa shibiri nzima, kwa sababu maji ya chumvi hunyonywa na nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tulikata hadi tukaifikia shaba nyekundu, tukafunga kibano kipya, na ile stata ya kwanza, iliyokuwa imetupwa kwenye ndoo, ikafanya kazi. Mtu yule alinishukuru, lakini nyavu hazikurudi. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kununua.

Katika boti, kabla ya hayo yote, hakikisha gia iko katikati na kamba ya usalama ya swichi ya kuzimia imechomekwa mahali pake. Injini nyingi za nje zimetengenezwa zisipokee stata ikiwa gia imeingia, na nyingi zitazunguka bila kuwaka kamba ikiwa imechomoka.

Sababu za mwisho, na za nadra zaidi, ni selenoidi (swichi kubwa ya umeme inayoiwasha stata) iliyoungua na stata yenyewe. Acha na umwite fundi ikiwa waya mnene unapata moto wa kutoshikika, ikiwa unasikia harufu ya kuungua, au ikiwa stata haiachi kuzunguka baada ya kuachia ufunguo. Katika hali hiyo ya mwisho fungua hasi ya betri mara moja.

Betri inakufa usiku

Anza na yaliyo wazi: taa ya buti isiyozimika, redio iliyofungwa na mtu wa pembeni, chaja ya simu, kifaa cha kufuatilia gari, kengele ya wizi. Vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani ndivyo vya kwanza kushukiwa, kwa kuwa mara nyingi waya wao huunganishwa moja kwa moja na betri badala ya kupita kwenye swichi ya ufunguo.

Kisha pima. Zima kila kitu, funga milango, fungua hasi ya betri, weka multimita kwenye ampea 10, na uiunganishe kati ya kichwa cha hasi na waya uliouondoa. Magari yenye kompyuta yanahitaji nusu saa hivi ili yalale, kwa hiyo usiisome namba ya kwanza. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa multimita ikiwa hapo, kwani fyuzi iliyo ndani yake itakatika. Baada ya gari kulala, ampea 0.05 au chini ya hapo ni kawaida. Ukisoma 0.5, piga hesabu: hizo ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 itakuwa tupu kabla ya siku ya nne kuisha, tena itashindwa kupiga stata mapema zaidi.

Sasa chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia multimita. Fyuzi itakayoishusha namba ndiyo yenye mwizi katika njia yake. Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, fungua waya mnene wa alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka), kwa sababu dayodi, yaani kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ikipasuka ndani yake huacha umeme wa betri uvuje kimyakimya usiku kucha. Ikishuka hapo, alteneta inakwenda kwa fundi.

Kwenye boti ongeza jambo moja: pampu ya ngama yenye swichi ya boya huunganishwa na betri moja kwa moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ikiwa betri ya boti iliyofungwa gatini inakufa kila usiku, usiikate pampu. Tazama kwanza kama boti inaingiza maji kiasi cha kuifanya pampu ifanye kazi usiku mzima, kwa maana hapo ugonjwa uko kwenye mbao na kalafati iliyozibia mianya yake, na betri inakupa taarifa tu.

Taa ya chaji inawaka injini ikiwa inazunguka

Mkanda uliolegea au kukatika ndio wa kwanza, kisha soketi ya nyuma ya alteneta, kisha fyuzi kubwa ya kuchaji, na mwisho alteneta yenyewe. Kama mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, usiendeshe hata kilomita moja, kwani injini itachemka. Usifungue betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu alteneta". Kitendo hicho, kilichokuwa kikifanywa kwenye magari ya zamani, hupandisha volti ghafla na kinaweza kuua kompyuta ya gari au rektifaya ya injini ya boti, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri.

Fyuzi inaungua kila inapobadilishwa

Fyuzi hulinda waya. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko, au ukaizungushia karatasi ya sigara, umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, nao utaungua mahali usipopaona, nyuma ya dashibodi au chini ya viti. Fyuzi za kuchomeka zina rangi za kueleweka: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyokuwa bluu irudi bluu.

Angalia inaungua wakati gani. Ikiwa ni papo hapo, kuna shoti kati ya waya na ethi. Ikiwa ni baada ya dakika kadhaa, mzigo ni mkubwa kuliko kawaida: mota inakwama, au mtu ameongeza taa za ziada juu ya saketi ileile. Ikiwa ni pale tu gari linaporuka kwenye mashimo, waya umechubuka na unagusa bodi kwa vipindi.

Mahali pa kuchubuka panajulikana. Pa kwanza ni bawaba za milango na za buti, ambapo nyaya hukunjwa kila siku. Kisha tazama tundu za bodi zilizopoteza mpira wake, nyaya zilizofungwa karibu na ekzosti, na mahali palipopigwa skrubu wakati wa kufunga zulia, redio au bamba la namba. Katika bajaji tazama shingoni, panapogeuka usukani. Katika boti tazama panapopita nyaya za injini ya nje kwenye shetri, yaani nyuma ya boti, kwa kuwa injini hugeuka na kuinuliwa mara nyingi kwa siku.

Badala ya kuchoma fyuzi kumi, tumia globu. Chukua globu ya taa kubwa ya wati 55, iunganishe kwenye matundu mawili ya fyuzi uliyoitoa, na uchomoe vifaa vyote vya saketi hiyo. Shoti ikiwepo globu itawaka kwa nguvu zote, lakini haitaruhusu zaidi ya ampea 5 hivi kupita, na waya utabaki salama. Sasa tembea na mkono kando ya waya, ukiukunja na kuutikisa kidogo kidogo. Mahali unapogusa na globu ikazimika ndipo pa kufungua. Katika njia zote nilizozitaja humu, hii ndiyo ninayompa kijana anayeanza siku yake ya kwanza, maana inamfundisha subira pamoja na umeme.

Acha na umwite mtaalamu ikiwa saketi hiyo inahusu mifuko ya hewa ya usalama, ambayo nyaya au soketi zake kwa kawaida ni za njano. Kipimo kisicho mahali pake kinaweza kuifyatua usoni mwako. Vilevile usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi. Hizo zinabeba mamia ya volti, na kufungua betri ndogo ya volti 12 hakuzifanyi ziwe salama papo hapo.

Taa hafifu, au taa za nyuma zinazochanganyikiwa

Ukikanyaga breki na indiketa ikapepesa kwa unyonge, au ukiwasha indiketa na taa ya upande mzima ikadundadunda, usibadilishe swichi wala rilei. Ethi ya taa ile ya nyuma imekatika, na umeme, ukikosa njia yake ya kurudi, unapita kinyume kupitia uzi wa globu nyingine hadi uipate ethi ya upande wa pili. Tafuta boliti ya ethi karibu na taa, mara nyingi ndani ya buti, ifungue, kwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, irudishe na uipake grisi. Indiketa inayopepesa haraka kupita kawaida, kwa upande mmoja tu, ni globu iliyokufa.

Taa kubwa zilizofifia zote mbili zinahitaji kipimo cha upotevu wa volti. Globu ya uzi inayopokea volti pungufu kwa asilimia 10 hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake, kwa hiyo volti moja na kidogo iliyopotea kwenye kiungo kibovu inatosha kumfanya dereva asimwone mwendesha baiskeli aliye mbele yake, na Tanga ni mji wa baiskeli.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na haitatuliwi kwa kukisia. Mwulize mwenye chombo maswali kabla ya kufungua kitu: hutokea wakati wa mvua au jua, gari likiwa baridi au limechemka, likikata kona, likipita kwenye barabara ya vumbi? Hitilafu inayoonekana masika na kutoweka kiangazi ni maji yanayoingia kwenye soketi au kisanduku cha fyuzi. Inayokuja injini ikipata joto ni kiungo kinachotanuka na kuachia, au rilei. Inayokuja na mtikisiko ni pini iliyolegea.

Jaribu kuileta kwa makusudi. Washa kifaa, weka taa ya majaribio sambamba nacho mahali unapoweza kuiona, kisha tikisa soketi moja moja, gonga rilei kwa mpini wa bisibisi, nyunyiza maji safi kidogo juu ya soketi unazozishuku, ukiwa mbali na kompyuta na redio. Usitoboe gamba la waya kwa sindano ili kupima. Tundu dogo kama hilo, huku pwani, ni mlango wa chumvi, na mwaka ujao waya utakuwa mweusi hapohapo. Pima kwa nyuma ya soketi.

Pampu ya ngama haifanyi kazi

Pampu hii ni uhai wa watu, kwa hiyo upo (chombo cha kukumbia maji) na ndoo visiondolewe botini kwa sababu ya kuwepo kwake. Isipofanya kazi, igeuze kwanza swichi ya mkono. Ikifanya kazi kwa mkono na isifanye kwa yenyewe, tatizo ni swichi ya boya: mara nyingi imekwamishwa na magamba ya samaki, kipande cha nyavu au mafuta mazito. Isafishe, liinue boya kwa kidole na usikilize.

Isipofanya kazi kwa njia zote mbili, angalia fyuzi, kisha viungo vya waya vilivyo karibu na pampu. Hapo ndipo utakuta kosa katika boti nyingi. Waya wa pampu huja mfupi, fundi huuongeza kwa kusokota na kufunika kwa tepu nyeusi, na kiungo hicho hukaa ndani ya maji. Tepu haizuii maji, huyaficha tu. Kata kiungo, rudi nyuma hadi shaba safi, tumia waya uliopakwa bati ukiupata, bana kwa kibanio cha saizi yake, na ufunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kisha kipandishe kiungo juu kabisa ya ngama na ukifunge kwenye ubavu wa boti kisining'inie. Usitegemee risasi ya kuchomea peke yake, kwa sababu hufanya waya uwe mgumu na mtetemo wa injini huukata palepale risasi inapoishia. Moto wa kusinyisha mpira usiwashwe ndani ya boti yenye petroli. Andaa viungo ufukweni.

Pampu ikivuma bila kutoa maji, umeme hauhusiki: kuna takataka kwenye chujio, au mpira umepinda. Na ikizunguka kinyonge, pima volti kwenye nyaya zake ikiwa inafanya kazi. Chini ya volti 11 huku betri ikiwa nzima, rudi kwenye kipimo cha upotevu wa volti.

Vyuma vya chini ya boti vinaliwa haraka

Propela na miguu ya injini huliwa taratibu na maji ya chumvi, na vipande vya zinki hufungwa hapo ili viliwe badala yake. Zinki ikiisha ndani ya wiki chache wakati zamani ilikaa miezi, shuku umeme unaovuja kupitia maji ya ngamani, hasa kutoka kwenye kiungo kilicho wazi cha chanya. Zima swichi kuu ya betri boti inapolala, chunguza kila waya unaopita chini ya mstari wa maji, na badilisha zinki inapofikia nusu. Usiipake rangi, kwa sababu zinki iliyopakwa rangi hailindi chochote.

Ikiwa boti ina jenereta ya volti 230 ya kuwashia taa za kuvulia dagaa, uchunguzi wako uishie kwenye kuzima jenereta hiyo. Kiungo kibovu cha volti 230 juu ya sitaha iliyolowa kinaua, na anayekwenda nacho baharini usiku hana msaada wa karibu. Mwite fundi mwenye leseni ya umeme wa majengo aje mchana, boti ikiwa imepandishwa au imefungwa gatini, na jenereta isiwashwe tena hadi akague nyaya zote na kufunga kifaa cha kukata umeme unapovuja.